Injini Iliyokunywa Maji ya Bahari: Uokoaji wa Mashine za Vyombo vya Majini katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo: Chombo cha kuzama hakina usukani. Maana yake ni kwamba jambo lililokwisha kuandikiwa kuharibika halizuiliki kwa ustadi wa nahodha. Methali hii ni ya zama za matanga, wakati chombo kilipokuwa mbao, kamba na kitambaa. Katika zama za injini, ukweli wake unahitaji kuongezewa sharti. Chombo huweza kuzama kikaopolewa, na mashine iliyofungwa nyuma yake ikarudi kazini kwa miaka mingi. Linaloamua ni yale yanayotendwa katika saa chache baada ya kuopolewa, pamoja na mpangilio wa kuyatenda.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya injini ya chombo cha majini inapoingiwa na maji ya bahari, na namna ya kuiokoa. Mifano imetolewa katika pwani ya Malindi na Kilifi. Mashine zinazozungumziwa ni mbili: injini ya kupachika nyuma ya boti, ambayo wavuvi huiita mashine tu, na pikipiki ya majini, ambayo wengi huiita jetiski. Hoja kuu ni kwamba adui wa injini iliyozama si maji peke yake, bali ni hewa inayofuata baada ya maji. Kutokana na hoja hiyo inazuka ya pili, inayowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja: maarifa haya hutegemea mpangilio wa vitendo, na mpangilio wa vitendo hutegemea lugha iliyo wazi.

Mazingira ya mashine

Kaunti ya Kilifi, iliyoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya mwaka 2010, inashika sehemu kubwa ya pwani kutoka kusini ya Takaungu hadi kaskazini ya Ngomeni. Katika eneo hili vyombo vya kale na vya kisasa hukutana. Ipo mitumbwi ya makasia, zipo mashua za tanga, zipo mashua zilizofungwa mashine, na zipo boti zinazowapeleka wageni katika mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968. Karibu na hoteli na katika hori ya Kilifi huonekana pia pikipiki za majini.

Bahari ya eneo hili ina tabia zake. Mwamba umeambaa na pwani, na vyombo hutoka na kuingia kwa kupitia milango ya mwamba huo, mahali ambapo wimbi huvunjika. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo chombo kilichofungwa vibaya huweza kulala ubavu maji yanapokupwa na kujazwa yanaporudi. Msimu wa kusi huleta mawimbi makubwa kuliko kaskazi. Kaskazini ya mji wa Malindi, Mto Sabaki huingia baharini, na nyakati za mvua hubeba udongo mwingi kutoka bara hata ghuba ikageuka rangi ya kahawia. Mashine iliyozama huko haikunywa chumvi peke yake. Imekunywa na tope.

Hasara ya mashine huwagusa wengi. Katika mgao wa mapato ya uvuvi, chombo na mashine huwa na fungu lao kama walivyo na mafungu yao mabaharia. Mashine ikifa, fungu la mwenye chombo hukoma, lakini mabaharia nao hurudi kwenye kasia au tanga, na mbali walikokuwa wakivua hakufikiki tena. Samaki wanaofika sokoni hupungua. Kwa sababu hiyo, saa chache za baada ya ajali zina uzito mkubwa kwa nyumba kadhaa.

Wenyeji wa pwani si wageni wa elimu ya kulinda chombo dhidi ya bahari. Waunzi wa zamani walitia kalafati katika nyufa za mbao, wakapaka sifa, yaani mafuta ya samaki, ili mbao zisinyonye maji, na wakapaka deheni sehemu ya chini ili kuzuia wadudu. Kila kitu kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na wakati wake wa kazi. Injini za kupachika zilikuja baadaye. Ole Evinrude alianza kuziuza nchini Marekani mwaka 1909, na kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960. Pikipiki za majini zilianza kuuzwa na kampuni ya Kawasaki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mbao zilipopokea chuma, ulinzi nao ulipaswa kubadilika.

Madhara ya maji ndani ya silinda

Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na mafuta, huibana ndani ya silinda kwa pistoni, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo ukawaka. Hewa hukubali kubanwa. Aghalabu hubanwa hadi ikabaki kati ya sehemu moja ya sita na sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa awali. Maji hayakubali. Pistoni ikipanda kwa nguvu na kukuta silinda imejaa maji, kitu kimoja lazima kishindwe, na kwa kawaida hushindwa mkono unaounganisha pistoni na mhimili mkuu: hupinda au huvunjika.

Hapa ndipo inapopatikana tofauti ya kwanza ambayo fundi huitafuta. Mashine iliyozama ikiwa imezimwa huwa imeingiwa na maji kwa utulivu, na vyuma vyake huenda ni vizima. Mashine iliyozama ikiwa inanguruma huenda imepinda mkono kabla ya kunyamaza. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi "Imezama kwa muda gani?" bali huwa "Ilipozama ilikuwa inawaka?" Ikiwa ilikuwa inawaka, huzungushwa kwa mkono, polepole, plagi zikiwa zimeondolewa. Ikikwama mahali au ikitoa sauti ya chuma kugusa chuma, haipaswi kulazimishwa. Vivyo hivyo iliyoingiwa na mchanga au tope haipaswi kuwashwa hata ikizunguka vizuri, kwa sababu mchanga hukwaruza kuta za silinda kama msasa. Mashine ya namna hiyo hufunguliwa na kusafishwa kwanza.

Kosa linalozidi yote ni lile linaloonekana kuwa la kawaida: kuvuta kamba au kupiga stata mara tu chombo kinapofika ufuoni, ili kujaribu kama mashine itawaka. Jaribio hilo ndilo huvunja mkono uliokuwa umesalimika.

Hewa, adui wa pili

Chuma hushika kutu kwa kukutana na maji pamoja na oksijeni. Chumvi hairushi kutu yenyewe, lakini huyafanya maji kuwa kipitishi kizuri cha umeme, na kutu ni tendo la kiumeme. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Zaidi ya hayo, injini ya boti imeundwa kwa metali mbalimbali: mwili wa aluminiamu, beringi na mhimili wa chuma cha pua au cha kawaida, na vipande vya shaba. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa. Ndiyo sababu mashine hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala yake. Fikra hiyo ilipendekezwa na Humphry Davy mwaka 1824 kwa ajili ya merikebu za Uingereza zilizovikwa shaba.

Jambo linalowashangaza wengi ni nafasi ya hewa katika tendo hili. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 27, haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi. Maana yake ni kwamba mashine iliyolala chini ya maji haipati oksijeni nyingi. Inapoopolewa na kuwekwa juani ili "ikauke", vyuma vyake vinabaki na utando wa maji ya chumvi, na utando huo unazungukwa na hewa tele. Hapo ndipo kutu huanza kwa kasi, na beringi nyororo huweza kuanza kuharibika ndani ya saa chache tu.

Kutokana na elimu hiyo hupatikana shauri ambalo husikika kama mzaha: mashine iliyoopolewa, ikiwa haiwezi kushughulikiwa papo hapo, irudishwe majini. Isirudishwe baharini, bali itumbukizwe ndani ya pipa au tangi la maji yasiyo na chumvi, ifunikwe yote, na ikae humo hadi fundi atakapokuwa tayari. Maji hayo huondoa chumvi na wakati huohuo huizuia hewa. Ni suluhisho la muda tu, lakini katika vijiji ambavyo fundi yuko mbali, huweza kuwa tofauti kati ya matengenezo na mazishi.

Mpangilio wa hatua za uokoaji

Hatua zifuatazo zinahusu injini ya kupachika ambayo haijavunjika ndani na haina mchanga.

Kwanza, nyaya za betri huondolewa iwapo mashine ina betri. Pili, kifuniko huvuliwa na mashine yote huoshwa kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua au ya mfereji hufaa zaidi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, ingawa hata hayo ni afadhali kuliko maji ya bahari. Tatu, plagi huondolewa, mashine huinamishwa ili matundu ya plagi yaelekee chini, na huzungushwa polepole kwa mkono hadi maji yaishe kutoka.

Nne, mafuta yote yaliyokuwamo humwagwa katika chombo: ya kabureta, ya chujio, ya mpira na ya tangi iwapo nalo liliingiwa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, mahali hasa ambapo mafuta huvutwa. Tano, spiriti kidogo huweza kumiminwa katika silinda, kwa kuwa huchanganyika na maji yaliyosalia na kutoka nayo. Sita, oili humiminwa katika matundu ya plagi na katika mdomo wa kabureta, na mashine huzungushwa tena ili oili ienee. Hatua ya sita ndiyo kinga yenyewe: oili hukaa kati ya chuma na hewa, kama sifa ilivyokaa kati ya ubao na maji.

Hapa aina mbili za injini hutengana. Injini ya mipigo miwili hupata oili kwa kuchanganywa na petroli, mara nyingi kwa kadiri ya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Beringi zake hazina hifadhi nyingine ya oili, kwa hiyo zinaathirika upesi. Lakini pia mashine hii ni nyepesi kusafishwa. Injini ya mipigo minne ina oili yake chini. Oili hiyo ikichanganyika na maji hugeuka nyeupe, mfano wa tui la nazi. Hubadilishwa mara moja, mashine huwashwa kwa muda mfupi, kisha hubadilishwa tena, na tena, hadi itoke ikiwa na rangi yake halisi. Oili chafu haistahili kumwagwa horini wala penye mikoko, kwani samaki wanaotafutwa kwa mashine hiyo hukulia humo.

Saba, plagi mpya au zilizokaushwa hurudishwa, petroli safi hutiwa, na mashine huwashwa. Ikiwaka, huachwa iendelee kwa nusu saa au zaidi, ili joto lake litoe unyevu uliobaki. Ikikataa kuwaka, hurejeshwa katika oili au katika pipa, na fundi huitwa.

Pikipiki ya majini na kinyume chake

Pikipiki ya majini haina rafadha iliyo wazi. Injini yake huzungusha pampu inayovuta maji chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Ikipinduka, maji hufika kwenye injini kwa njia mbili: kupitia mahali inapovutia hewa, na kupitia bomba la moshi. Njia ya pili hutegemea namna inavyoinuliwa. Nyuma ya chombo hubandikwa mchoro unaoonyesha upande wa kukigeuzia. Kikigeuzwa upande huo, maji yaliyo katika bomba la moshi hubaki humo. Kikigeuzwa kinyume, hutiririka hadi kwenye silinda. Kadhalika, kikivutwa na boti nyingine kwa kasi, maji husukumwa ndani kwa njia ya kupozea hali injini haifanyi kazi ya kuyatoa; kwa hiyo huvutwa polepole, au mpira wa maji ya kupozea hubanwa kwanza.

Baada ya kuokolewa, na hata baada ya kazi ya kila siku, mashine zote mbili husafishwa ndani kwa maji ya mfereji. Lakini mpangilio wao ni kinyume. Kwa injini ya kupachika, maji hufunguliwa kwanza, ndipo injini huwashwa, kwa sababu pampu yake ina kipande cha mpira ambacho huungua kikizunguka kikavu. Wakati wa kumaliza, injini huzimwa kwanza, ndipo maji hufungwa. Kwa pikipiki ya majini, injini huwashwa kwanza na maji hufunguliwa mara moja baada yake. Wakati wa kumaliza, maji hufungwa kwanza, injini hupandishwa moto kwa sekunde chache ili iteme yaliyosalia, kisha huzimwa. Sababu ni kwamba moshi wa injini inayofanya kazi ndio unaoyasukuma maji nje ya bomba. Maji yakifunguliwa injini ikiwa imezimwa, hujaa katika bomba na kurudi ndani ya silinda. Mtu huweza basi kuizamisha mashine yake nchi kavu, kwa mpira wa kumwagilia bustani.

Lugha ya maagizo

Maarifa yaliyoelezwa hapo juu hupatikana katika vitabu vya watengenezaji, ambavyo aghalabu huja kwa lugha za kigeni, na katika vinywa vya mafundi, ambao husema Kiswahili. Mwenye chombo husikia zaidi kuliko anavyosoma. Ndiyo sababu usahihi wa lugha una thamani ya mashine. Mifano mitatu yatosha.

Mfano wa kwanza ni kauli "mashine imekunywa maji". Ni kauli tamu yenye tashihisi, lakini haisemi maji yamepita wapi. Yaweza kuwa yamo katika petroli, katika silinda, au katika oili ya gia iliyo chini karibu na rafadha. Kila moja ni ugonjwa wake na una dawa yake. Mvuvi wa Mayungu akimpigia simu fundi wa Malindi na kutamka kauli hiyo tu, fundi hawezi kumwelekeza.

Mfano wa pili ni "maji baridi". Kwa mtu wa pwani, haya ni maji yasiyo na chumvi. Kwa mzungumzaji wa bara, ni maji yasiyo moto. Agizo la kuosha mashine kwa maji baridi laweza kumfanya mfanyakazi mgeni achote maji ya bahari ya alfajiri, yenye ubaridi mzuri, na kumwagia injini bila kujua anachokitenda.

Mfano wa tatu ni wa sarufi. Sentensi "ukiwasha injini, fungua maji" yaweza kufasiriwa kwamba vitendo viwili hufanyika pamoja, kwamba kimoja ni sharti la kingine, au kwamba kimoja hutangulia. Kiambishi "-ki-" hubeba maana zote hizo kulingana na muktadha. Agizo lisilo na utata hutumia "-kisha-" na "ndipo": "ukishawasha injini, ndipo ufungue maji." Kwa injini ya kupachika maneno ni yaleyale, ila mpangilio hugeuka: "ukishafungua maji, ndipo uwashe injini." Silabi moja na kiunganishi kimoja hutenganisha mashine nzima na mashine mbovu.

Juhudi za kuunda istilahi za ufundi zimekuwapo. Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili jijini Dar es Salaam mwaka 1987, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo istilahi ni nusu ya kazi. Rafadha ni neno zuri, na propela linaeleweka. Hakuna mashine iliyokufa kwa sababu fundi alichagua moja kati ya hayo mawili. Mashine hufa kwa maagizo yasiyotaja mpangilio. Utafiti wa matini za maagizo ya Kiswahili, jinsi yanavyopanga vitendo, yanavyoonya na yanavyotaja sababu, bado una nafasi pana kwa wanafunzi, na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi kiko hatua chache tu kutoka kwa mafundi wenyewe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba injini iliyozama haifi kwa kuzama tu. Hufa kwa kuwashwa ingali imejaa maji, au kwa kuachwa hewani ikiwa na chumvi. Maji hutolewa, chumvi huoshwa, oili huziba njia ya hewa. Na pale ambapo hayo hayawezekani kwa wakati, pipa la maji yasiyo na chumvi huwa hifadhi ya muda. Pikipiki ya majini hufuata misingi hiyohiyo, ila mpangilio wake wa kusafishwa ni kinyume cha injini ya kupachika.

Waunzi wa kale waliwaachia watoto wao maneno ya kalafati, sifa na deheni, na pamoja na maneno hayo wakawaachia wakati na namna ya kuyatumia. Mashine nazo zastahili urithi kama huo: maagizo mafupi ya Kiswahili, yenye mpangilio usio na shaka, yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani mwa kibanda cha fundi na mahali vyombo vinapofungwa, ili baharia ayasome kabla hajaishika kamba ya kuwashia.